Mvutano wa kilo na unyuzi

Msimu ukifunguliwa, karani wa pamba hutazama mizani na weupe. Safi huku, fifi kule, basi. Hamuulizi mkulima nyuzi zake zina urefu gani. Mwenye kiwanda cha kusokota, yeye huanzia hapo hapo. Mimi kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za pamba hapa Kanda ya Ziwa, na wote wawili wananidai.

Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu, iliyoota kwenye ganda la mbegu tangu siku ua lilipofunguka. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo hurefuka mpaka urefu uzidi upana zaidi ya mara elfu. Kisha hujijaza selulosi kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitumba, yaani tunda la pamba, kipasuke. Ukame ukipiga mapema, nyuzi hutoka fupi. Ukichelewa, hutoka ndefu lakini changa, tupu kama mrija, zisizoshika rangi vizuri. Kipimo cha jambo hili ni maikronea: mashine hupitisha hewa kwenye sampuli na kuona inavyopita. Soko hupenda kati ya 3.7 na 4.2. Chini sana, nyuzi ni changa. Juu sana, ni nene na uzi hauwi laini. Maikronea hubadilika mno kufuata mvua na joto, kwa hiyo siiamini ya msimu mmoja. Urefu na nguvu hurithiwa kwa uhakika zaidi.

Sasa huo mvutano. Mwenye jinari, kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu, anataka kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, zimtolee kilo 40 za nyuzi badala ya 34. Njia rahisi ya kumpa ni kuchagua mimea yenye mbegu ndogo na nyuzi nene. Ukifanya hivyo misimu michache bila kuangalia, nyuzi zinakuwa fupi na nzito, na vijimbegu vyenyewe vinaota kwa shida. Jeni za kilo na za ubora mara nyingi hukaa jirani kwenye kromosomu moja, na kuzitenganisha kunataka mimea mingi sana.

Kwa hiyo Januari na Februari tunashinda shambani tukichumbisha maua. Alasiri natafuta ua litakalofunguka kesho, lile ambalo petali zake zimechomoza kama ncha ya mshumaa. Nalihasi kwa kucha: naondoa petali na stameni zote, yaani sehemu za kiume zenye chavua; stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, inabaki peke yake. Naifunika kwa kipande cha mrija wa soda kilichozibwa juu, nyuki wasinitangulie. Kesho asubuhi, kama saa tatu, naleta chavua ya baba, naipaka, narudisha mrija, nafunga kikaratasi chenye majina ya wazazi. Kitumba kikishika napata mbegu thelathini hivi. Vingi vinadondoka.

Wageni huniuliza kwa nini nisichanganye tu na pamba ya Misri yenye nyuzi ndefu. Nimejaribu. Zote mbili zina kromosomu 52, na kizazi cha kwanza kinapendeza hadi unataka kupiga picha. Kizazi cha pili kinavurugika: mimea mirefu isiyozaa, vitumba visivyofunguka. Unaweza kuokota jeni moja moja humo, kwa kurudia kuchumbisha na mzazi wa nyumbani, lakini ni kazi ya miaka.

Halafu kuna manyoya ya majani. Pamba zetu za zamani zilipata manyoya hayo kutokana na U4, aina iliyochaguliwa Barberton, Afrika Kusini, kwa sababu chawa jani, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hawapendi jani lenye manyoya. Jani hilohilo likikauka hung'ang'ania kwenye nyuzi na kuzichafua. Ningetaka jani laini, ila sitaki mkulima anunue dawa zaidi ili mimi nipate sampuli safi. Manyoya yanabaki.

Kuanzia kizazi cha pili nachagua mmea mmoja mmoja, nafunga ua kwa uzi lijichavushe lenyewe, napanda mstari wake, napima, natupa. Mistari mingi hufa mezani kwangu. Wiki iliyopita nimefuta mmoja niliolelea misimu minne: nyuzi za milimita 30, nguvu nzuri, kilo nzuri. Mvua ilipozidi, ugonjwa wa mnyauko ukaupitia wote.