Je, mafuta yaliyofyonzwa kwa upasuaji hurudi?

Kilo 20 zimepungua, nguo zinapwaya, lakini mapaja na tumbo la chini vimegoma. Ukaidi huo una sababu. Seli za mafuta za mapajani, hasa kwa wanawake, zina vipokezi vingi vya alfa-2, ambavyo vikiguswa na adrenalini (homoni ya mshtuko) huzuia mafuta yasitoke. Hapo ndipo watu huwaza kufyonzwa. Wapo wanaosema mafuta yakishatoka yametoka moja kwa moja; wengine husema hurudi palepale. Wote wamepata nusu tu.

Chukulia seli ya mafuta kuwa ni gunia. Ukipungua kwa mlo na mazoezi, gunia linanywea, halitupwi. Mwaka 2008, watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walikadiria umri wa seli hizi kwa kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi) iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia (ndiyo, mabomu yametusaidia kuvielewa vitambi). Kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli hufa na nafasi zake kujazwa na mpya, na hata waliopungua sana baada ya kupunguzwa tumbo la chakula walibaki na idadi ileile. Kufyonza ndiko kunakotoa magunia yenyewe ghalani. Ila mavuno yakiendelea kuzidi matumizi, yatapelekwa ghala jingine.

Ndivyo ilivyoonekana Colorado, Marekani, mwaka 2011. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, jumla ya mafuta ilikuwa imerudi; mapaja yalibaki membamba, tumbo likapokea mzigo. Waliopasuliwa walikuwa wanawake 14 tu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Mwaka 2012 ukaja mwingine kutoka Brazil, wa wanawake 36 wenye uzito wa kawaida waliofyonzwa tumbo. Wasiofanya mazoezi waliongeza kama asilimia 10 ya mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, yale ambayo mrija wa daktari hauyafikii kwa sababu hupita kati ya ngozi na misuli. Waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa miezi minne hawakuongeza. Nao hawakukurupuka: walianza miezi miwili baada ya upasuaji.

Kwa nini kusubiri? Daktari hujaza eneo kwa maji ya chumvi yenye lignokaini ya kutia ganzi na adrenalini ya kubana mishipa ya damu, kisha husukuma na kuvuta mrija wa chuma wa milimita 2 hadi 5 kupitia matundu madogo. Kinachobaki chini ya ngozi ni vichochoro vitupu vinavyotakiwa kugandana upya. Kazi ya vazi la kubana, ambalo wengi huagizwa kulivaa wiki 4 hadi 6, ni kuikandamiza ngozi itulie juu ya misuli. Ukiruka kamba mapema, tabaka hizo husuguana, majimaji hujikusanya, na unarudi hospitali kunyonywa kwa sindano.

Kutembea, hata hivyo, huanza siku ileile au kesho yake, taratibu, ili damu isigande miguuni. Baiskeli ya kusimama bila kukaza huja wiki ya pili au ya tatu. Kukimbia na vyuma, wiki ya nne hadi ya sita, daktari akiridhia. Jioni ukiona uvimbe umezidi wa asubuhi, huenda mazoezi yamezidi, punguza. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri kesho.

Waliopungua sana mara nyingi tatizo lao ni ngozi kuliko mafuta, na kufyonza peke yake kunaweza kuifanya ining'inie zaidi. Ngozi ikikatwa na misuli ya tumbo kushonwa, sit-apu na kunyanyua vizito hungoja wiki 6 hadi 8 au zaidi, maana uzi unaweza kuachia. Kabla ya upasuaji wenyewe, madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa angalau miezi 3 hadi 6.

Na mizani usiipande wiki ya kwanza: maji yaliyoingizwa pamoja na uvimbe huweza kuifanya isome zaidi ya ulivyokuwa kabla ya kupasuliwa.