Taa ya Dharura: Maana Yake na Uhusiano Wake na Hewa ya Jengo

Ukimuuliza msimamizi wa jengo la biashara, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kama jengo lake lina taa za dharura, mara nyingi atakujibu kwamba jenereta lipo na linafanya kazi. Huenda asemayo ni kweli, lakini amejibu swali jingine. Jenereta hurudisha umeme ili shughuli ziendelee. Taa ya dharura, kwa maana wanayoitumia wataalamu wa usalama wa majengo, ni taa yenye chanzo chake cha nguvu kisichotegemea umeme wa kawaida wa jengo, iliyowekwa ili watu waione njia ya kutokea pale taa za kawaida zinapozimika kwa sababu yoyote ile.

Maneno "kwa sababu yoyote ile" ndiyo yanayobeba uzito wa maana hiyo. Kukatika kwa umeme wa shirika ni sababu moja tu, na tumeizoea mno kiasi cha kuzisahau nyingine. Swichi ya kinga inayohudumia korido ya ghorofa ya tatu inaweza kuruka huku jengo zima likiwa na mwanga, na jenereta halitawaka, kwa kuwa kwa hesabu zake umeme upo. Moto unaweza kuanzia juu ya dari na kuunguza nyaya kabla mtu yeyote hajaona moshi. Hata askari wa zimamoto wanapofika, mojawapo ya mambo wanayoyafanya mapema ni kuzima umeme wa sehemu inayoungua ili wasipigwe shoti wanapomwaga maji. Kwa hiyo taa ya dharura iliyofungwa ipasavyo huangalia umeme wa pale pale ilipo, yaani saketi ileile inayowasha taa za kawaida za eneo hilo, na huwaka mara saketi hiyo inapokufa, hata kama chumba cha jirani kina mwanga kama mchana.

Anayedhani kwamba jenereta linatosha atazame yaliyotokea New York tarehe 26 Februari 1993, bomu lilipolipuka katika maegesho ya chini ya ardhi ya jengo la World Trade Center. Watu 6 walikufa na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Umeme ulipotea, na majenereta ya akiba, ambayo nayo yalitegemea miundombinu ya huko huko chini, hayakudumu. Maelfu ya watu walishuka ghorofa baada ya ghorofa gizani, ndani ya ngazi zilizokuwa zimejaa moshi, na wengine walichukua saa kadhaa kufika nje. Baada ya hapo ngazi za majengo hayo ziliwekewa taa zenye betri pamoja na rangi inayohifadhi mwanga na kung'aa gizani, na mwaka 2004 jiji la New York lilitunga sheria ya kuyalazimisha majengo marefu ya ofisi kuweka alama za aina hiyo ndani ya ngazi. Karibu na kwetu, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu za uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta zilibaki gizani kwa kuwa jenereta la akiba halikuwaka. Hakukuwa na moto usiku ule, na hiyo ilikuwa bahati.

Ndani ya taa ya dharura ya kawaida mna chaja, betri, kifaa kidogo kinachotambua kwamba umeme umepotea, na taa yenyewe. Umeme ukiwapo, betri hujazwa, na kitaa kidogo cha kijani huonyesha kwamba inapata chaji. Zipo taa ambazo huwaka wakati wote, kama vibao vya kuonyesha mlango wa kutokea katika kumbi za sinema na maduka makubwa, na zipo zile ambazo hulala kimya hadi umeme uondoke. Katika majengo makubwa sana betri zinaweza kukusanywa katika chumba kimoja na kulisha taa zote kwa nyaya zinazostahimili moto. Mpango huo hurahisisha matengenezo, ila unataka nyaya hizo zilindwe kwelikweli, kwa sababu uzima wa taa zote umefungwa humo.

Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni yamo katika vitu hivyo hivyo. Mirija ya zamani ya fluorescenti imeondoka na taa za LED zimeshika nafasi yake, na kwa kuwa LED hula umeme kidogo, betri ndogo sasa hufanya kazi iliyohitaji betri kubwa. Betri za nikeli na kadmiamu, ambazo zina sumu na huchakaa haraka kwenye joto, zinapisha zile za lithiamu na fosfati ya chuma. Kwa majengo ya pwani, ambako hewa iliyonaswa kati ya dari na paa la bati huwa ya moto mno saa nane mchana, hili la joto ni la kutazamwa kabla ya bei. Taa nyingi mpya pia hujijaribu zenyewe kwa ratiba na kuonyesha kwa kitaa chekundu kwamba betri imechoka. Nyingine huunganishwa na kompyuta inayomwambia msimamizi kwamba taa fulani ya ghorofa fulani ina hitilafu.

Hata hivyo, taa bora kuliko zote huuawa na waya mmoja uliounganishwa vibaya. Taa ya dharura inahitaji waya wa umeme usiopita kwenye swichi ya ukutani, ili chaji isikatike. Fundi asiyeifahamu huifunga kama taa nyingine yoyote, nyuma ya swichi. Matokeo yake ni kwamba kila jioni mlinzi anapozima taa, kifaa kinadhani umeme umekatika, kinawasha betri, na kuimaliza usiku huo huo. Asubuhi inaanza kuchaji upya, na kwa kawaida betri tupu huhitaji saa 24 kujaa, saa ambazo haizipati. Taa kama hiyo itaendelea kuonyesha kitaa cha kijani mchana kutwa, na mkaguzi mwenye haraka ataipitisha.

Swali linalofuata ni kiasi cha mwanga. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 1838 kinataka angalau luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) sakafuni, katikati ya njia ya kutokea yenye upana usiozidi mita 2, na nusu ya luksi katika ukumbi ulio wazi. Ofisi ya kawaida huwa na luksi kama 500, na mbalamwezi haifikii hata nusu luksi, kwa hiyo taa ya dharura haikukusudiwa kumfanya mtu asome barua. Imekusudiwa aione ngazi inapoanza, meza iliyomzibia njia, na mwenzake aliyeanguka. Kiwango hicho kinadai pia kwamba nusu ya mwanga huo iwe imefika ndani ya sekunde 5. Muda wa kuwaka hutofautiana: Marekani hudai dakika 90, na Uingereza kwa desturi huweka saa 3, ambazo humpa mwenye jengo nafasi ya kuwaruhusu watu warudi ndani umeme unaporejea bila kusubiri betri zijae.

Hapa kwetu saa hizo 3 zina tatizo lake. Betri ya taa ya dharura ilibuniwa kwa ajili ya tukio la nadra. Panapokuwa na mgao wa umeme, taa hutumia akiba yake Jumatatu, hutumia tena Jumanne, na moto ukitokea Jumatano huikuta mikono mitupu. Katika hali hiyo jenereta lina faida ya kweli, nayo ni kuitunzia betri nguvu zake. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoweza kusimama mahali pa mwenzake.

Yote hayo yanahusu giza lililo safi. Katika moto giza huja na moshi, na hapo taa peke yake haifui dafu. Moshi wa moto hupanda, hugonga dari, husambaa, kisha hushuka kidogo kidogo, kwa hiyo taa iliyobandikwa juu ndiyo ya kwanza kumezwa. Ndiyo sababu alama zinazong'aa huwekwa karibu na sakafu na kwenye kingo za vidato, mahali ambapo mtu anayetambaa bado anaona. Ndiyo sababu pia kibao kinachowaka chenyewe hupendelewa kuliko kile kinachoakisi mwanga: ndani ya moshi uleule, cha kwanza huonekana katika umbali unaozidi mara mbili ule wa cha pili. Lakini moshi ukikolea vya kutosha vyote hupotea, na ndipo suala la taa linapogeuka kuwa suala la hewa.

Hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas iliungua tarehe 21 Novemba 1980. Moto ulianzia katika mgahawa wa ghorofa ya chini na miali yake haikupanda hadi vyumba vya wageni, lakini kati ya watu 85 waliokufa wengi walikuwa maghorofa ya juu, na waliuawa na moshi. Ulipanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa mifereji ya hewa. Mtambo uliojengwa kuwapa watu hewa ndio uliowapelekea sumu.

Ni vizuri basi kueleza kupitisha hewa ni nini, maana hapa pia pana dhana potofu inayofanana na ile ya jenereta. AC ya ukutani haipitishi hewa. Huchukua hewa iliyomo chumbani, huipoza na kuirudisha humo humo, pamoja na pumzi za watu wote walioketi hapo tangu asubuhi. Kupitisha hewa ni kuingiza hewa ya nje na kuitoa iliyochoka. Mitambo mipya hufanya hivyo kwa kupima hewa ya kabonidioksidi: hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa kila milioni, na chumba cha mkutano kinapojaa watu kiasi hicho hupanda, kipimo hukiona, na feni huongeza mwendo. Watu wakitoka, feni hupunguza. Kinachowavutia wenye majengo ni bili, kwa kuwa feni inayozunguka kwa nusu ya mwendo wake huhitaji takriban sehemu moja ya nane tu ya nguvu.

Siku ya moto mtambo huo huo lazima ugeuze tabia. King'ora kikilia, feni za kawaida husimama. Ndani ya mifereji ya hewa, ambayo mafundi huiita dakti, milango midogo ya chuma iitwayo dampa hufungwa pale mfereji unapotoboa ukuta wa kuzuia moto. Ya kale hutegemea kipande cha metali kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 70 na ushee, na mpya huendeshwa na mota inayotii king'ora. Kisha feni nyingine, zilizojengwa kuvuta moshi wa moto bila kuungua, huanza kazi. Feni yenye daraja la F300, kwa mfano, hutakiwa kustahimili nyuzi 300 kwa saa nzima. Na ndani ya ngazi za dharura, feni husukuma hewa safi ili presha ya humo izidi ya korido, kwa kiwango cha kawaida cha paskali 50 milango ikiwa imefungwa, ili mtu anapofungua mlango hewa itoke badala ya moshi kuingia. Presha hiyo haipaswi kuzidi mno, la sivyo mtoto au mzee atausukuma mlango usifunguke.

Majengo mengi ya zamani ya mwambao yalilitatua jambo hili bila mota yoyote. Ngazi zake zilijengwa pembeni, ukuta wa nje ukiwa wa matofali yenye matundu, hivyo hewa ya bahari ilipita usiku na mchana, na moshi ungepata pa kutokea. Majengo hayo yanapokarabatiwa, matundu huzibwa kwa vioo ili jengo lipendeze na ubaridi wa AC usipotee, na hakuna feni inayowekwa mahali pake. Sioni kosa katika kupenda vioo. Kosa ni kuondoa mfumo uliokuwa ukifanya kazi kimya kimya bila kujua kwamba ulikuwa mfumo.

Kwa hiyo jaribio la kila mwaka halina budi kuvigusa vyote viwili. Umeme wa saketi za taa hukatwa, na taa za dharura huachwa ziwake muda wake wote, nusu ya taa leo na nusu siku nyingine, kwa sababu zile zilizojaribiwa zitakuwa tupu hadi zichajiwe. Kwa ngazi yenye feni, king'ora huwashwa, milango hufungwa, na mtu husimama upande wa korido akiwa ameshika ukanda wa karatasi nyepesi kwenye mwanya wa mlango. Karatasi inapaswa kupeperuka kumwelekea. Ikivutwa kuelekea ndani ya ngazi, ndiko na moshi utakakokwenda.