Je, pora hufundishwa kuwika?

Wafugaji wengi Mombasa, Likoni hadi Kisauni, huamini kwamba pora, yaani jogoo mchanga, hujifunza kuwika kwa kumsikiliza jogoo mkubwa. Akitoa sauti ya kukwaruza, inayokatika katikati, husemwa amekosa mwalimu. Imani hii ina mantiki yake: kasuku huiga, na mitaani majogoo hujibizana kweli, mmoja akianza mwenzake hudakia.

Ila kuku si ndege wa kuiga. Mlio wake huzaliwa nao. Kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani ya yai, siku moja hivi kabla ya kuanguliwa. Hata majogoo waliofanywa viziwi tangu udogoni kwa ajili ya uchunguzi waliwika kama kawaida. Kinachobadilisha sauti ni mwili. Kiungo cha sauti kiko chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni. Mwili ukikua na homoni za kiume zikipanda, ile pii-pii hushuka na kuwa nzito. Wengi hujaribu kuwika wakiwa na miezi 2 hadi 4, kwa mikwaruzo tele. Tembe, yaani kuku jike mchanga, hutetea baadaye, akikaribia kutaga.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta vifaranga waliolelewa kwa taa mbali na majogoo (si rahisi mjini, maana adhana ya alfajiri haijatoka wa jirani keshaanza) na uwarekodi kwa simu kila wiki. Mikwaruzo peke yake si ugonjwa. Pora akikoroma, akipumua mdomo wazi au akitokwa na makamasi, hapo mwite daktari wa mifugo.