Bidhaa za Nyumbani Zinapoadimika: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Rafu ikiwa tupu, bidhaa imekwisha kabisa.

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, na ndiyo iliyowasumbua watu wengi bila sababu. Mwaka 1973, wakati wa mtikisiko wa bei ya mafuta duniani, uvumi ulienea nchini Japani kwamba karatasi za chooni zitakosekana. Watu wakafurika madukani, kuanzia maeneo ya Osaka, na kilichokuwa uvumi tu kikageuka kuwa uhaba wa kweli. Desemba ya mwaka huohuo yakatokea yaleyale nchini Marekani, baada ya mchekeshaji Johnny Carson kufanya mzaha kwenye televisheni kuhusu upungufu wa karatasi hizo.

Karatasi hizo zilipoadimika tena mwaka 2020, wakati wa janga la korona, palikuwa na sababu nyingine pia, ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Watu waliozoea kutumia vyoo vya ofisini, shuleni na hotelini walijikuta wakishinda nyumbani mchana kutwa, na karatasi inayotumika katika majengo hayo aghalabu huwa ya roli kubwa, hufungashwa tofauti na hupitia kwa wasambazaji tofauti, kwa hiyo haikuwa rahisi kuihamishia kwenye rafu za rejareja kwa siku moja au mbili. Isitoshe, karatasi ni nyepesi lakini inakula nafasi, na duka haliwezi kurundika nyingi stoo. Ikitokea kila mteja amechukua pakiti mbili badala ya moja, rafu iliyopangwa asubuhi huwa nyeupe kabla ya jioni, hata kama kiwanda hakijasimama kwa saa moja. Rafu tupu, basi, mara nyingi inaonyesha kwamba wanunuzi wameshinda kasi ya wapangaji na magari ya mizigo.

Dhana: Wahudumu wameficha mzigo stoo.

Wapo wafanyabiashara wanaohodhi bidhaa wakingoja bei ipande, na katika nchi nyingi kufanya hivyo wakati wa dharura ni kosa la kisheria. Hata hivyo, kumtuhumu mhudumu aliyesimama mbele yako si haki, wala hakukuletei kitu. Maduka mengi makubwa ya siku hizi huagiza kiasi cha kutosha siku chache tu, na nyuma ya mlango wa stoo hakuna ghala la siri. Kinachoweza kuwapo huko ni mzigo ulioshushwa lakini haujafunguliwa, ungali umefungwa kwa nailoni na unasubiri zamu ya wapangaji, ambayo katika maduka mengi huwa ya usiku au ya alfajiri.

Ndiyo maana namna ya kuuliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Swali la "Mnayo?" hujibiwa "Hakuna", na mazungumzo huishia hapo. Ukiuliza mzigo wa bidhaa hiyo huingia siku gani, hupangwa saa ngapi, na kama kuna ukomo wa idadi kwa kila mteja, unaondoka na taarifa itakayokufaa wiki nzima. Uliza kwa upole, kwa maana mtu huyo ameshaulizwa jambo hilohilo na wateja wengi tangu asubuhi.

Dhana: Mtandao ukionyesha bidhaa ipo, basi ipo.

Kompyuta ya duka huhesabu kilichoingia na kutoa kilicholipiwa. Haioni chupa iliyopasuka, iliyoibwa, iliyoachwa na mteja kwenye rafu ya mashuka, au iliyomo kwenye kikapu cha mtu anayeelekea kulipa. Idadi ikiwa ndogo, tuseme mbili au tatu, ichukulie kuwa ni dalili tu. Piga simu umwombe mhudumu aitazame rafu yenyewe, na akubali kukuwekea moja kama utaratibu wao unaruhusu.

Dhana: Duka kubwa ndilo lenye uhakika.

Duka kubwa ndilo linalokimbiliwa kwanza. Sabuni, betri, mifuko ya taka na dawa za kusafishia huuzwa pia katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ya vifaa vya ofisi, maduka ya dawa na ya jumla, ambayo mara nyingi hupata mzigo kwa wasambazaji wengine kabisa.

Dhana: Kinachofanana na kilichokosekana kinatosha, na ukikipata chukua chote.

Hapa ndipo ninapohofia zaidi, kwa sababu kosa lake halimalizikii kwenye pesa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hupungua nguvu kadiri inavyokaa, hivyo madumu kumi ya akiba yatakuwa dhaifu kabla hujayamaliza, na kuichanganya na siki au amonia ili "kuiongezea makali" huzalisha gesi yenye sumu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yalipoadimika Marekani mwaka 2022, madaktari walilazimika kuwasihi wazazi wasiyaongezee maji kupita kipimo, kwa kuwa maji yakizidi huvuruga chumvichumvi za mwili wa mtoto na yanaweza kumletea degedege.

Kitakasa mikono nacho kinapaswa kuwa na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Kikikosekana, maji na sabuni ya kawaida hufanya kazi hiyo vizuri. Mwaka 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kuhusu vitakasa mikono vilivyokutwa na methanoli, ambayo ni sumu inayoweza kupofusha na hata kuua. Kabla ya kulipa, geuza chupa usome kibandiko cha nyuma: kama hakitaji mtengenezaji, aina ya alkoholi wala kiwango chake, irudishe rafuni, hata kama ndiyo ya mwisho iliyobaki.