Bima Ikikataa Kulipia Matibabu Marekani, Usikae Kimya

Daktari ameandika kipimo cha MRI, mgonjwa amepangiwa siku, kisha inafika barua ya kampuni ya bima: kipimo hakina ulazima wa kitabibu, hatutalipia. Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Marekani wanazifahamu barua hizi. Wengi huzisoma, huguna, wakaziweka kabatini wakidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha, na ni muhimu kuelewa kwa nini.

Kampuni ya bima hupokea ada kwanza, matibabu huja baadaye. Dola isiyolipwa hospitali hubaki kwake. Zamani njia rahisi ya kuibakiza ilikuwa kumkwepa mgonjwa tangu mlangoni: katika majimbo mengi, mwenye kisukari au aliyewahi kuugua saratani aliyejinunulia bima mwenyewe aliweza kukataliwa. Wengine walipokelewa vizuri, wakalipa ada miaka, na walipougua fomu zao zikapekuliwa ili litafutwe kosa la kufutia bima. Sheria ya mwaka 2010 iitwayo Affordable Care Act, maarufu kama Obamacare, ilifunga milango hiyo, ingawa bima za muda mfupi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia haziguswi na masharti hayo. Zisomeni kwa makini kabla ya kulipa.

Sheria hiyo iligusa faida yenyewe pia. Kati ya kila dola 100 za ada, angalau 80 lazima ziende kwenye matibabu na kuboresha huduma, au 85 kwa bima za waajiri wakubwa. Kampuni ikishindwa, hurudisha tofauti. Ni hatua nzuri, lakini ina tundu. Asilimia 20 ya ada kubwa ni fedha nyingi kuliko asilimia 20 ya ada ndogo, kwa hiyo gharama zikipanda, na fungu la kampuni linaweza kupanda. Tena baadhi ya makampuni, UnitedHealth Group ikiwamo, yanamiliki pia kliniki na huduma za dawa, hivyo sehemu ya malipo ya matibabu hurudi mfuko uleule.

Kilichobaki mikononi mwao ni idhini ya awali, yaani ruhusa ya kampuni kabla ya matibabu, na kukataa madai. Sisemi kila kukataa ni dhuluma. Vipo vipimo vinavyorudiwa bila sababu. Ila tazama takwimu za taasisi ya utafiti ya KFF kuhusu bima zinazouzwa kupitia HealthCare.gov, tovuti ya serikali kuu ya soko la bima: mwaka 2023 karibu dai 1 kati ya 5 la huduma za hospitali na madaktari wenye mkataba na bima lilikataliwa, na waliokata rufaa hawakufika asilimia 1. Kwa waliothubutu, zaidi ya rufaa 4 kati ya 10 zilibadilisha uamuzi. Mfumo ambao karibu kila mtu hunyamaza hauna sababu ya kuona haya kukataa.

Kwa bima nyingi za kazini na za soko hilo, una siku 180 tangu upate barua kukata rufaa ndani ya kampuni. Mwombe daktari aandike kwa nini unahitaji huduma hiyo na nini kimeshajaribiwa kikashindikana. Barua yake ina uzito kuliko malalamiko yako. Hali ikiwa ya dharura, jibu linapaswa kutoka ndani ya saa 72. Wakikataa tena kwa sababu za kitabibu, una miezi 4 kuomba mapitio ya nje, yanayofanywa na watu wasio wa kampuni, na uamuzi wao kampuni haiwezi kuupuuza. Waliopo Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana utaratibu wao, na muda wao unaweza kuwa mfupi zaidi, kwa hiyo wasome tarehe iliyo kwenye barua siku hiyohiyo.

Kiingereza kisikuzuie. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye kwa kawaida humlipii, kabla hujaeleza shida yako. Kisha andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo.