Mafuta ya kupima na mantiki ya mnunuzi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mnunuzi mwenye mantiki ni yule anayebana matumizi.

Ukweli: Wachumi hawapimi hivyo. Tangu Paul Samuelson alipolifungua jambo hili mwaka 1938, wanachouliza ni kama manunuzi yako yanajipinga yenyewe. Kupenda wali kuliko ugali ni hiari yako, hakuna wa kukusahihisha.

Chukua kaya moja. Wiki ya kwanza kilo ya unga ni shilingi 1,500 na ya mchele 3,000. Wananunua kilo 2 za unga na 4 za mchele, jumla 15,000. Wiki ya pili bei zinageuka: unga 3,000, mchele 1,500. Sasa wananunua kilo 4 za unga na 2 za mchele, tena kwa 15,000. Piga hesabu: wiki ya kwanza kapu la wiki ya pili lingewagharimu 12,000 tu, wakaliacha. Wiki ya pili kapu la wiki ya kwanza nalo lingekuwa 12,000, wakaliacha vilevile. Kuacha kapu la bei nafuu kunaonyesha kwamba walilochukua wanalipenda zaidi, kwa hiyo kila kapu limeshinda mwenzake, na hakuna msimamo mmoja wa matakwa unaoweza kueleza hayo.

Mwaka 1967 mchumi Sydney Afriat alithibitisha kwamba manunuzi yasiyo na mgongano wa namna hii, uwe wa makapu mawili au wa mzunguko wa makapu mengi, hata yawe mengi kiasi gani, yanaweza kuelezwa kama ya mtu anayejua anachokitaka. Mchumi mwenzake Hal Varian akaurahisisha mwaka 1982 ukaguzi wa kujua kama manunuzi yanajipinga.

Dhana: Maskini hununua kidogo kidogo kwa sababu hawajui hesabu.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana husemwa na watu wanaojiona wanasaidia. Wachumi Brian Dillon, Joachim De Weerdt na Ted O'Donoghue walichambua madaftari ya manunuzi ya wiki mbili ya kaya 1,493 za Tanzania. Kwa wastani, kaya ingeweza kutumia asilimia 8.7 pungufu kwenye bidhaa za mara kwa mara kwa kununua kiasi kikubwa zaidi kwa mkupuo. Hasara ipo, basi. Lakini ukosefu wa fedha mkononi haukuonekana kuwa sababu kubwa. Yaliyojitokeza ni hofu kwamba kikiwepo kingi kitaliwa haraka, na haja ya kuepuka kuombwaombwa na ndugu na majirani. Mama anayenunua mafuta ya kupima huku kidumu kizima kikiwa dukani huenda anailinda akiba yake kwa njia pekee inayowezekana nyumbani kwake. Kabla ya kumpa semina ya bajeti, muulize kwanza.

Dhana: Kaya ikishindwa kipimo hiki cha manunuzi yasiyojipinga, basi haina mantiki.

Ukweli: Kaya si mtu mmoja. Baba, mama na bibi wana matakwa tofauti, na sauti ya kila mmoja hupanda au kushuka kulingana na nani ameleta fedha. Mchumi Pierre-André Chiappori alijenga nadharia inayolizingatia hilo tangu 1988: kila mmoja anaweza kuwa na msimamo wake thabiti, na bado kapu la pamoja likajipinga.

Dhana: Kaya ikifaulu kipimo hicho, imethibitika kuwa ina mantiki.

Ukweli: Hapana. Kipato kikipanda sana huku bei zikisogea kidogo, hata anayenunua kwa kubahatisha anaweza kupita. Mtihani wa kweli unahitaji bei zinazobadilika kiasi cha kumlazimisha mtu achague upya.