Je, wajua kwa nini rovu jingine halitaki chumvi?

Shangazi yangu alipoanza kuvimba shingo, mimi ndiye niliyempelekea pakiti za chumvi yenye madini joto na kumsisitiza aongeze kwenye mboga. Shuleni tulifundishwa kwamba rovu huletwa na upungufu wa madini joto, basi. Nilikosea, na kosa hilo bado nalisikia kila mahali.

Upungufu huo huleta rovu kweli. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania zinalijua vizuri. Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo, hutengeneza homoni zake kwa madini joto. Yakikosekana, hutanuka ikihangaika kuyanasa hata kidogo yaliyopo.

Shangazi dalili zake zilikuwa nyingine. Alikula vizuri kuliko zamani, na bado nguo zilimpwaya. Moyo ulimwenda mbio ameketi tu, jasho likimtoka asubuhi ya baridi. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole vyake: kingo za karatasi zikawa zinatetemeka. Kisha akaweka kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, akasikia damu ikivuma ndani ya tezi. Tezi ile haikuwa na njaa. Ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, na kuilundikia madini joto kungeweza kuichochea zaidi. Chumvi ya kawaida mezani haina neno. Tatizo ni kuigeuza dawa. (Kabla ya upasuaji madaktari huweza kutoa dozi kubwa ya madini joto kwa siku chache ili kuituliza tezi, lakini hiyo ni kazi ya hospitali, si ya jikoni.)

Huo ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Chanzo chake ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, na hapo nikakosea tena. Nilidhani kinga ikishambulia kiungo, lazima ikibomoe. Mbona hiki kinazidi kuchapa kazi?

Chukua tanki la maji juu ya nyumba na pampu iliyo chini. Mlinzi anatazama kiwango: maji yakipungua anabonyeza swichi, yakijaa anaachia. Mlinzi huyo ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kidole chake ni homoni iitwayo TSH. Katika ugonjwa wa Graves, kinga hutengeneza kingamwili, yaani protini ambazo kwa kawaida hupambana na vijidudu, zinazoingia kwenye swichi ileile na kuibonyeza. Pampu, yaani thairoidi, haiwezi kujua kidole ni cha nani. Tanki linafurika, mlinzi ameshaondoa mkono zamani, na maji bado yanapanda. Ndiyo maana majibu ya damu huonekana ya ajabu: homoni za thairoidi ziko juu sana, ilhali TSH inayopaswa kuziamuru imeshuka karibu na sifuri.

Swichi kama hizo zipo pia kwenye tishu za nyuma ya macho, hivyo baadhi ya wagonjwa macho huwatokeza, na uvutaji sigara huzidisha hali hiyo. Kwa nini kinga ipotoke kwa mtu huyu na si yule? Urithi una sehemu yake, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Msongo wa mawazo hutajwa sana, ila ushahidi wake ni hafifu.

Shangazi alianzishiwa kabimazoli, dawa inayoizuia tezi kuunda homoni, na baada ya wiki kadhaa mikono ikatulia.

Linalonistaajabisha zaidi ni la watoto wachanga. Kingamwili hizi hupita kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto wa mama mwenye ugonjwa huu anaweza kuzaliwa moyo ukimwenda mbio na asiongezeke uzito, ingawa kinga yake mwenyewe haijakosea lolote. Wiki au miezi michache baadaye, kingamwili za mama zinapokwisha damuni mwake, tezi yake hutulia.